Verlyn Alisimama Kufuata Pai

Kijiwe cha mji mdogo wa Otterbeck kipo ndani ya duka la mbegu, kati ya magunia ya mahindi ya kupanda na ndoo za dawa ya minyoo ya ng'ombe. Kiti chenyewe ni benchi refu la kanisa, la mti wa mwaloni, ambalo Walutheri walilitoa nje mwaka ule walipoamua kwamba makalio yao yanastahili sponji. Birika la kahawa liko mkono wa kulia, halizimwi kutwa, na kahawa yake ni nyepesi hivi kwamba mgeni anaweza kudhani ni maji ya kusuuzia vikombe. Aprili hii mvua ilikuwa imelilowesha jimbo lote la Iowa, mashamba hayaingiliki, trekta zimekaa bandani, na wazee wenye matope kwenye viatu hawana pa kwenda. Siku kama hizo, serikali ya Washington, kampuni za kompyuta na kila anayefua umeme duniani wana kesi ya kujibu pale benchini.

Ila Jumatatu ile mshtakiwa alikuwa mmoja wa wakaaji wa benchi lenyewe.

Verlyn Stuhr alisimama nje ya mlango, mkono kwenye kitasa, akijifanya anakung'uta matope. Kijiweni anaitwa Fyuzi, kwa sababu ukimtajia ile mita mpya ya umeme, inayojisoma yenyewe na kutuma habari, humalizi sentensi, keshalipuka. Miaka yote ameingia mlango ule kwa kelele. Leo alitamani angekuwa na homa, alale. Jumamosi, kwenye mkutano mkuu wa ushirika wa umeme, ambao ni mali ya wateja wenyewe, katika ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule, Verlyn alichaguliwa mjumbe wa bodi. Na hakujua kama amechaguliwa mpaka walipokuwa kwenye pikapu wakirudi nyumbani, mkewe LaVonne akamwambia, akicheka mpaka akaomba gari lisimame.

Bodi yenyewe haikumtisha sana. Kilichomtisha ni Merle Haupt. Merle alikaa benchini pale tangu nywele zake zikiwa nyeusi, kisha akachaguliwa diwani wa kaunti. Kesho yake alipoingia, watu wakaanza kuzungumza habari za mvua. Hakuna aliyemfukuza, hata kikombe walimsogezea. Lakini watu waliozoea kuitukana serikali mbele yako wakianza kukuambia mvua ni nzuri, elewa kwamba yamekwisha. Siku hizi Merle anakunywa kahawa kituo cha mafuta, amesimama, peke yake, karibu na friji ya barafu.

Verlyn akavuta pumzi, akasukuma mlango.

— Mheshimiwa! — akapayuka Duane Oltmanns, ambaye redio ya siasa inalia ndani ya pikapu yake tangu macheo, ndiyo maana jina lake ni Seneta. — Mpisheni mheshimiwa apite!

— Niache, Duane.

— Eti nimwache! Utakaa hapa na sisi wanyonge, au siku hizi unataka kiti cha kuzunguka?

— Nimesema niache bwana, sijanywa kahawa bado.

Akakaa mahali pake, pale ambapo mwaloni umeshika umbo lake kwa miaka. Upande wa kushoto alikuwepo Lowell Tjaden, mrefu, mwembamba, anayeamini kwamba kila chombo kinachopita angani kinamwangalia yeye binafsi. Huyo ni Setilaiti. Mwisho kabisa wa benchi, karibu na birika, alikaa Arlys Behrends na sindano zake za kufumia. Arlys ni mjane, mwanamke peke yake pale, na wanamwita Hakimu kwa vile akishasema hakuna rufaa.

— Tueleze sasa, — akasema Setilaiti. — Ulisimama mbele ya watu mia tatu. Ulitumwa na nani?

— Sikutumwa na mtu! Nilisimama kufuata pai!

 Benchi lote likatikisika kwa vicheko.

— Hapana, subirini, msicheke, — Verlyn akasema, na yeye mwenyewe mdomo unaanza kumponyoka. — Lowell, kosa ni lako. Nani aliniambia hivi vifaa vyangu vya kusikilizia, kwa kuwa vinaongea na simu, vinarusha kila neno ninalosikia mpaka Washington?

— Nilikwambia, na sifuti hata neno.

— Haya. Basi Jumamosi nikavitoa masikioni, nikavitia mfukoni mwa shati. Nikasema leo wasikilize kitambaa. Nimekaa, naona mwenyekiti anapanua mdomo, anafunga, anapanua, anafunga. Kama kila mwaka. Nikatupa jicho nyuma, naona Darlene wa jikoni anafunua karatasi za foili kwenye pai. Mnajua wenyewe pai za cheri zinavyokwisha.

— Haziwahi kufika mstari wa tatu, — Seneta akakubali.

— Ndiyo maana nikasimama. Mapema, kabla akina Oltmanns kumi na saba hawajanizunguka!

— Na mwenyekiti wakati huo, — Seneta akadakia, machozi ya kicheko yanamtoka, — anasema: kama kuna mwanachama wa upande wa magharibi aliye tayari kukalia kiti cha marehemu Gaylord, asimame. Tumekaa dakika nzima, hakuna hata mtu anayekohoa. Kila mtu anaangalia viatu vyake. Mara paap! Fyuzi huyo kasimama, kifua mbele, macho kodo!

— Kwenye pai!

— Sisi tunajua? Tulidhani ni uzalendo.

— Ukumbi mzima ukapiga makofi, — akasema Verlyn. — Nikadhani wanawapongeza wapishi.

— Na wewe ukapiga, — akasema Arlys bila kuinua macho kwenye soksi yake. — Nilikuwa nyuma yako. Ulipiga kuliko wote.

Hapo hata Setilaiti, ambaye kucheka kwake ni nadra, alilazimika kuweka kikombe sakafuni.

— Kajipigia makofi mwenyewe! Lo! Hata Washington hawajafika huko!

— Washafika, washafika, — akasema Seneta. — Na hiyo cheri uliipata?

— Niliipata.

— Vipande vingapi?

— Viwili.

— Umeona? Hujaapishwa, tayari unafaidi madaraka.

Verlyn alicheka nao. Ilikuwa raha kucheka, akasahau kidogo. Kisha akakumbuka simu ya asubuhi. Janelle, katibu wa ushirika, alimpigia, Verlyn akiwa bado na yai mdomoni: kabla ya saa nne aseme anakubali au anakataa. Akikataa, wajumbe waliobaki watajichagulia wanayemtaka wenyewe. Saa ya dukani, ile yenye picha ya nguruwe, ilikuwa imeshavuka saa tatu na nusu.

— Wanataka niwajibu kabla ya saa nne, — akasema. — Nipeni mawazo yenu.

Kumuomba Seneta mawazo ni kufungua bomba lililokosa koki.

— Kwanza uelewe, hakuna ajali katika siasa za nchi hii. Hakuna! Wanatafuta mtu mwenye domo, wanampa kiti, wanampa kalamu yenye jina lake, wanamlisha chakula cha mchana. Baada ya wiki mbili yuko kimya kama gunia. Washington ndio mchezo wao. Chama changu wanafanya, chama cha shemeji yangu wanafanya, na wakimaliza wanakula meza moja. Wewe ulikuwa unapiga kelele mno kuhusu mita. Wameona: huyu tumwingize ndani.

— Lakini mimi ndiye niliyesimama, Duane.

— Ndivyo wanavyotaka uamini!

— Duane anakaribia, ila hajafika, — akasema Setilaiti, akasogea mbele, sauti ikashuka kidogo, na anaposhusha sauti ujue mambo yanapanda. — Jiulize. Foili ilifunuliwa saa ngapi?

— Mi nijue?

— Dakika ileile! Mwenyekiti anasema asimame, Darlene anafunua. Nani alimpa ishara? Sasa nakuuliza jambo jingine. Oveni yenu nyumbani iliwashwa mara ya mwisho lini?

Verlyn akafikiri. Daktari alikuwa amemkataza sukari. LaVonne hajaoka kitu tangu Krismasi.

— Krismasi, — akasema pole pole.

— Aaa! — Setilaiti akapiga goti lake. — Na nani mwingine anajua hilo? Mita yako! Mita iko ukutani, inaona oveni haiwaki. Januari haiwaki, Februari haiwaki. Inatuma habari. Kule kwenye lile jengo la kompyuta pembeni mwa barabara kuu, lile lisilo na madirisha, mashine inapiga hesabu: mzee huyu ana njaa ya pai ya miezi mitatu. Wekeni cheri mahali atakapoiona. Atasimama tu. Na ukasimama!

Ni upuuzi mtupu, na Verlyn alijua ni upuuzi. Lakini nywele za shingoni zilimsisimka hata hivyo, maana njaa ile ya pai ilikuwa ya kweli kabisa.

— Lowell, — akasema Arlys, — yaani kompyuta yenye ukubwa wa viwanja vinne vya mpira, ikeshe inawaza tumbo la Verlyn?

— Inakula umeme kuliko kaunti nzima, lazima kuna inachowaza!

— Hilo nalo tuseme, — Seneta akaingilia, maana hawezi kuona mazungumzo yakipita bila kupanda. — Eti mashine inafikiri. Kufikiri gani kunakokula umeme wote huo? Mimi nafikiri tangu nizaliwe, sijachomekwa ukutani hata siku moja.

— Ndiyo maana matokeo tunayaona, — akasema Arlys.

— Hakimu, usiniharibie hoja! Na yale mapanga ya upepo ya kufua umeme je? Siku isiyo na upepo mbona yanazunguka? Wanayapa umeme yazunguke, tupate moyo!

— Hiyo niliisema mimi, — Verlyn akanung'unika. — Niliisema tangu mwaka juzi.

— Uliisema ukiwa mtu huru. Sasa ni yangu. Na mafuta ya mahindi? Nalima mahindi kwa trekta. Mahindi yanageuzwa mafuta. Mafuta yanarudi kwenye trekta. Trekta inalima mahindi. Nauliza, hapo katikati nani amekula?

— Wewe, — akasema Setilaiti. — Unapewa ruzuku.

— Tusiingize mambo ya watu binafsi!

Walikuwa wamechangamka kwelikweli. Seneta alikuwa amesimama, mikono inaruka, Setilaiti anachora jengo la kompyuta kwa kidole kwenye vumbi la mbolea juu ya ndoo, na kahawa inamwagika bila mtu kujali. Verlyn akawatazama, na ghafla akawapenda wote wawili. Hapa ndipo mahali pake. Hana mahali pengine kama hapa duniani. Nyumbani kuna LaVonne, na LaVonne ni mwema, lakini LaVonne hawezi kubishana kuhusu mapanga ya upepo kwa nusu saa bila kuuliza kama mtu amefunga banda.

— Nikikubali, — akasema, akijitahidi sauti iwe ya kawaida, — halafu kesho nikaingia hapa... mtaniambia nini?

Seneta akatazama dirishani.

— Mvua imekuwa nzuri sana mwaka huu, — akasema.

Alisema kwa utani, na Setilaiti akacheka. Verlyn hakucheka. Maneno yale yalimchoma, akamwona Merle pale kituo cha mafuta, ameshika kikombe cha karatasi, anasoma tangazo la barafu kwa mara ya mia.

— Basi yameisha, — akasema, akatoa simu mfukoni. — Namwambia Janelle sitaki. Wakamchukue wanayemtaka.

— Ndio uanaume huo, — akasema Seneta, lakini hakusema kwa nguvu yake ya kawaida, na akakaa chini.

Hakuna aliyecheka tena. Verlyn alikuwa akitafuta jina la Janelle kwenye simu, kidole kinapita, kinarudi, wakati kengele ya mlango ilipolia na Marisol Tovar akaingia na buti za mpira mpaka magotini. Marisol ni daktari mpya wa mifugo. Alihamia Otterbeck Februari, na bado anaamini kwamba mtu anaweza kuingia dukani kununua maziwa ya unga ya ndama akatoka baada ya dakika tano.

— Habari za asubuhi, wazee. Mama Arlys. Mbona kimya? Kafa nani?

Wakamweleza wote kwa pamoja. Seneta alianzia Washington, Setilaiti alianzia foili, Verlyn alianzia cheri, na Arlys ndiye aliyempa mambo kwa sentensi mbili: kachaguliwa bodi ya umeme kwa bahati mbaya, na sasa anataka kukataa. Marisol akajimiminia kahawa, akaionja, akaitazama, akaamua kutosema kitu.

— Sawa, — akasema. — Na akikubali, mnataka akafanye nini huko?

— Vipi akafanye nini? — akauliza Seneta.

— Namaanisha, ninyi mko hapa kila siku na mambo ya umeme. Sasa mtu wenu yuko ndani. Mnataka awafanyie nini?

— Awazuie! — akasema Seneta.

— Awazuie wasifanye nini?

— Wasifanye... — Seneta akapunga mkono kuelekea mashariki, ambako ndiko Washington iliko. — Hayo wanayofanya.

— Yapi hasa?

Seneta alifungua mdomo. Watu wa Otterbeck wamemwona Duane Oltmanns akibishana na mchungaji katikati ya mahubiri, na mara moja akibishana na king'ora cha kimbunga. Hakuna aliyewahi kumwona akifunga mdomo bila neno kutoka. Aliufunga.

— Atoe mita mpya, — akasema Setilaiti.

— Arudishe zile za zamani? Za kuja kusomwa na mtu?

— Aka! Zile nazo zilikuwa zinaiba.

— Basi arudishe zipi?

Setilaiti akakuna kidevu. Akatazama darini, kama vile kuna anayeweza kumsaidia kutoka huko juu.

— Na wewe, bwana Stuhr? — Marisol akamgeukia Verlyn, bila kejeli hata kidogo, kama anavyouliza ng'ombe anaumwa wapi. — Wewe unataka nini?

Verlyn alikuwa na simu mkononi, jina la Janelle limeshatokea. Akatafuta jibu. Miaka mingapi amelipuka juu ya benchi lile? Anajua asichotaka. Angeweza kukitaja mpaka jioni bila kupumzika, na kesho akaendelea. Lakini anachotaka? Alitafuta kila kona ya kichwa chake, akakuta patupu, na aibu ikampanda usoni, joto lake akalisikia mpaka masikioni.

Arlys akaweka sindano zake mapajani.

— Mimi najua ninachotaka, — akasema.

Alikuwa akisema chini sana. Verlyn aliona midomo inacheza tu. Akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa vile vifaa vyake viwili, ambavyo hakuwa amevivaa tangu Jumamosi, akavipachika masikioni, kimoja, kingine, mbele ya macho ya Lowell Tjaden. Setilaiti akavitazama. 

— Rudia, Arlys. Sijakusikia.

— Nataka mtu ashike simu.

— Simu gani?

— Ya ushirika. Mnaikumbuka ile dhoruba ya barafu ya mwaka juzi, nguzo za umeme zimelala njia nzima mpaka mtoni. Harold wangu alikuwa na ile mashine ya kumsaidia kupumua. Umeme ulikatika mchana tunakula. Nikapiga simu ushirika. Ikapokea mashine. Inasema bonyeza moja, nikabonyeza. Bonyeza mbili, nikabonyeza. Halafu inasema, kwa maneno machache eleza tatizo lako. Nikaiambia, mume wangu anakosa hewa. Ikajibu, samahani, sijaelewa, jaribu tena.

Akaunyoosha uzi wa soksi, ingawa ulikuwa umenyooka.

— Nikajaribu tena. Nilijaribu mpaka Duane akafika na trekta na jenereta yake kwenye toroli. Harold hakufa siku ile, alikufa baadaye na ugonjwa wake, simlaumu mtu. Barafu ni barafu, haina chama. Nilijua hata wakishika simu hawawezi kuleta umeme saa ileile. Ila nilitaka mtu mmoja aniambie, nimekusikia, Arlys. Basi. Mita inipime inavyotaka.

 Seneta alikuwa anakodolea buti zake. Siku ile alipoleta jenereta, alimkuta Arlys amekaa na simu mapajani, akadhani amechoka tu, na hakuuliza. Sasa uso wake mkubwa ulikuwa mwekundu, na akajifuta pua kwa mkono wa koti.

Verlyn ndiye aliyeumia zaidi. Siku chache baada ya barafu ile alikuja benchini hapa akasema kwa saa nzima juu ya mita. Arlys alikuwa amekaa palepale mwisho wa benchi, anafuma, na yeye Verlyn alimwomba amsogezee birika. Akasikia uchungu, na ndani ya uchungu ule ikaja hasira, lakini si ile ya kila siku ya kulipuka na kuzima. Hii ilitulia kifuani mwake na kukaa.

Akabonyeza jina la Janelle. Simu ikalia mara moja tu.

— Janelle? Verlyn Stuhr. Nakubali... Ndiyo, nimesema nakubali... Hapana, sijalewa, ni asubuhi. Sikiliza, na uandike: nina ajenda. Ndiyo, moja tu... Ya simu. Nitaeleza nikija. Na namba yangu muwape wanachama wote wa upande wa magharibi. Hii hii, ya mfukoni... Sijali wakinisumbua. Nimezoea watu wasumbufu.

Alipokata simu, Marisol alikuwa anatabasamu ndani ya kikombe chake.

— Haya, — akasema Seneta, akakohoa ili kuirudisha sauti yake. — Umejimaliza mwenyewe, Verlyn. Sasa wewe ni mmoja wao.

— Najua.

Verlyn akainuka. Akachukua kofia yake kwenye gunia la mahindi, akaifuta vumbi, akaivaa vizuri zaidi kuliko alivyozoea. Alikuwa anaogopa, na bado moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa tangu Jumamosi. Akapiga hatua kuelekea mlangoni.

— Unakwenda wapi? — akauliza Arlys.

— Kituo cha mafuta. Nitamkuta Merle.

— Kaa chini.

— Arlys, mnajua wenyewe desturi ya hapa...

— Nimesema kaa chini, Verlyn. — Na hii hakuisema kwa sauti ya chini. — Miaka yote tunatukana Washington kutoka hapa. Kuna siku wametusikia? Wako mbali kule, mate yetu hayafiki hata mtoni. Leo tumepata serikali ya kwetu, iko ubavuni, ina masikio ndani, halafu tuipeleke kituo cha mafuta? Mna akili ninyi? Atakaa hapahapa katikati, kila asubuhi, na tumtukane kwa karibu!

Seneta alilifikiria jambo hilo. Ilikuwa raha kutazama, maana uso wake ulifunguka taratibu, halafu mara moja ukajaa furaha tele.

— Kwa karibu! — akasema. — Lowell, sogea! Mpishe mheshimiwa, akae katikati! Naanza mimi. Mheshimiwa, ile taa ya barabarani mbele ya kanisa inawaka mchana kutwa, ni wizi mtupu, na nataka kujua kodi yangu...

— Hiyo ni ya mji, si ya ushirika, — akasema Verlyn.

— Ameanza! Hajakaa hata, ameanza kukwepa! Mmeona? Ndivyo walivyo!

— Kwenye nguzo iliyo karibu na kwangu kuna kisanduku cha kijivu, — akasema Setilaiti kwa makini. — Nataka jibu kwa maandishi.

— Ni kibanda cha ndege cha kutagia mayai, Lowell. Nilikipachika mimi.

— Nataka kwa maandishi!

Marisol alikuwa amekaa juu ya gunia, anacheka, amesahau maziwa ya ndama wake na pengine ndama mwenyewe. Verlyn akajibana katikati, bega la Seneta huku, goti la Setilaiti kule, wote wanamfokea, na yeye anawajibu wote kwa pamoja kwa sauti kuu, masikio yakiwa wazi. Merle wataenda kumchukua kesho, akawaza. Benchi ni refu, na madiwani nao wanatukanika.

Katikati ya kelele zile, simu yake ikalia. Akaitoa, akatazama jina, akatazama mwisho wa benchi. Arlys alikuwa ameshika simu yake sikioni, anaziangalia ndoo za dawa ya minyoo kana kwamba hajawahi kuziona.

Verlyn akainua mkono, wengine wakanyamaza. Akapokea.

— Hallo?

— Hallo. Ushirika wa umeme hapo?

— Ndiyo. Verlyn Stuhr, mjumbe wa bodi.

— Naongea na mtu au mashine?

— Mtu, Arlys. Nakusikia.

Arlys akafunika simu kwa kiganja. Macho yake yalikuwa yanacheka. Akawageukia Seneta, Setilaiti na daktari wa mifugo.

— Jamani, — akasema, — kashika.